Umeme ukirudi seva iwake yenyewe: OS gani upige kwenye PC ya zamani unayotaka iwe seva ya muvi

Ukiuliza watu OS gani (yaani mfumo unaoendesha kompyuta, kama Windows) upige kwenye PC ya zamani ili iwe seva ya muvi nyumbani, mmoja atakwambia TrueNAS, mwingine Unraid, mwingine baki na Windows yako, na kila mmoja yuko sawa kwa nyumba yake. Ila kwa nyumba zetu kuna maswali mawili yanaamua kabla hata hujafika kwenye majina. Diski zako sa hivi zimefomatiwa vipi? Na umeme ukikatika saa nane usiku ukarudi saa kumi, nani atakuwa macho aiwashe hiyo mashine? Jibu langu naliweka mapema kwa asiye na muda: wengi wenu mnahitaji Debian (aina moja ya Linux) tupu isiyo na desktop, juu yake Jellyfin (programu inayozigawa muvi kwa TV na simu za nyumbani), basi. Wachache wabaki na Windows kwanza, ntasema ni akina nani.

Jambo moja kabla ya hatua zenyewe, maana watu wanaogopa bure: seva ikiwa ndani ya nyumba haili bando. TV na seva zinaongea kupitia ruta yako tu, hata bando likiisha muvi inaendelea kucheza. Bando linaliwa siku ya kupiga OS, siku za kusasisha, na pale Jellyfin inaposhusha mabango na maelezo ya muvi. Faili la kupigia Debian, ile ya netinst, liko chini ya GB 1 afu linashusha mengine kidogo lenyewe. Ubuntu Server, ambayo ni Linux nyingine, inakaribia GB 3. Kama unaunga bando la siku hii tofauti unaiona.

Hatua ya 1: soma prosesa yako

Mashine nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi ni Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizotoka maofisini ulaya na Dubai. Angalia namba: i5-6500T, ile 6 baada ya kistari ndo kizazi cha sita. i5-8500T ni cha nane. Kizazi cha nne, mfano i5-4590, bado inafaa, ila chip yake ya video inajua H.264 tu (njia ya zamani ya kubana video), muvi mpya za HEVC (njia mpya zaidi) haiziwezi, itabidi prosesa yenyewe ibebe mzigo wote na hapo feni utaisikia ukiwa chumbani. Kizazi cha sita inasoma HEVC ya kawaida ya biti 8, cha saba kwenda juu inasoma na ile ya biti 10 ambayo muvi nyingi za 4K ndo zinatumia. Kwa hiyo kama hujanunua bado, ongeza hela kidogo uchukue kizazi cha saba au cha nane, utanishukuru.

Hili linahusu OS kivipi? Windows 11 kwa sheria zake inataka kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (chip ya usalama). Na Windows 10 Microsoft waliacha kuitolea maboresho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Yaani ukiwa na kizazi cha sita au cha saba unabaki na Windows iliyokwisha muda wake, au unaanza kutumia njia za mkato kuilazimisha 11, wakati Linux wala haikuulizi.

Raspberry Pi 5, kile kikompyuta cha ukubwa wa kiganja, naona watu wanaitamani kwa sababu ni kadogo. Kwa seva ya muvi mi sishauri, haina kabisa chip ya kutengenezea video, siku TV ikiomba muvi igeuzwe iwe aina inayoijua unakwama. Hela hiyo hiyo inapata Dell Micro ya mtumba yenye nguvu zaidi.

Na umeme je? Vile vi-PC vidogo vikiwa vimetulia vinakula wati 10 hadi 15 hivi, kwa mwezi mzima ikiwaka usiku na mchana ni kama uniti 7 hadi 11. Desktop kubwa ya zamani inaweza kukaa kwenye wati 45, hapo ni uniti 32. Kwa Tanzania mlio kwenye kundi la bei nafuu la uniti 75 kwa mwezi pigeni hesabu mapema msije mkavushwa na seva.

Hatua ya 2: diski zako zikoje, hapa tukae kidogo

Chomeka kila diski kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kulia, Properties, uone kwenye File system imeandikwa nini. Mara nyingi itakuwa NTFS, zile zilizokuwa zinachomekwa kwenye TV au redio ya gari utakuta exFAT au FAT32.

exFAT ndo ya kuogopa. Haina kumbukumbu ya kujirekebisha, umeme ukikatika katikati ya kunakili unaweza kukuta folda nzima halifunguki. NTFS inayo hiyo kumbukumbu, ila ni mtoto wa Windows. Linux inaisoma vizuri tu mpaka siku umeme ukatike vibaya, hapo wakati mwingine inakataa kuifungua au inaifungua kwa kusoma tu, mpaka uirudishe kwenye Windows uipitishe chkdsk. Sasa kama nyumba nzima haina tena Windows unaenda kuazima laptop ya jirani kwa ajili ya chkdsk, haileti maana. ext4 ya Linux umeme ukirudi inajipitia yenyewe wakati wa kuwaka na maisha yanaendelea, ila nayo Windows haiwezi kuisoma bila programu za ziada.

Kwa hiyo kanuni yangu iko hivi. Una diski moja tu, imejaa, ni NTFS, na huna pa kuhamishia vitu? Baki na Windows mpaka upate diski ya pili. Usijidanganye na zile video za kubadilisha diski ikiwa na vitu ndani. Ndani humo kuna video za send-off na harusi ya dada ambazo mpiga video mwenyewe alishazifuta, muvi utapata tena hizo hupati. Una diski ya pili au kuna mtu wa kukuazima ya TB 1 kwa wikiendi? Nenda Linux, na ufomati ext4.

Muda wa kunakili usikushtue. Chomeka kwenye tundu la USB la bluu, diski za kawaida zinakwenda kama MB 100 kwa sekunde, TB 1 inachukua saa tatu hivi. Ukichomeka kwenye tundu la zamani la USB 2 ni saa nane na zaidi, wengi ndo wanafikiri diski imekufa.

Hatua ya 3: sasa majina yenyewe

Windows. Uzuri wake unaijua. Ubaya wake kwa seva ni kwamba inajizima na kujiwasha ikitaka kusasisha, na inashusha masasisho makubwa kimyakimya, kwa hiyo ukibaki nayo ingia Settings uiambie mtandao wako ni Metered connection. Halafu kuna kitu kidogo ambacho watu hawakigundui: ukiweka Jellyfin kwenye Windows inakuuliza uweke ile ya kawaida au kama Service. Ukichagua ya kawaida, umeme ukirudi PC itawaka vizuri, itafika kwenye ukurasa wa nywila na kukaa hapo, Jellyfin haianzi mpaka mtu aingie. Watoto wanasema muvi hazipo, we uko kazini. Chagua Service.

TrueNAS ni kitu kizuri mno, ila kwa nyumba hii? Inataka RAM GB 8 kwa uchache, inachukua diski nzima ya kubutia iwe yake, na diski za muvi lazima azifute azijenge upya kwa ZFS (mfumo wake wa kufomati). Diski za eksteno za USB haipatani nazo. TrueNAS imetengenezwa kwa mtu mwenye diski tatu nne zinazofanana ndani ya kasha, wengi wetu tuna TB 1 ya Seagate, TB 2 ya WD na nyingine haieleweki imetoka wapi.

Unraid ndo inapatana na diski za kuokoteza, unachanganya ukubwa wowote. Ila ni ya kulipia kwa dola, mwaka 2024 bei ya chini ilikuwa dola 49, na miaka yote leseni yake imekuwa ikifungwa kwenye flashi ile ile unayobutia. Flashi ikifa unaanza kuhangaika na kuhamisha leseni. Ukiwa na hela na diski nyingi ijaribu, kuna siku 30 za bure.

OpenMediaVault ni Debian iliyovishwa ukurasa wa kubofya, unaingia kwa brauza kwenye simu unaona diski zako, unatengeneza folda za kushea. Kwa anayeogopa ile skrini nyeusi ya kuandika amri hii ndo yake. Mawili ya kujua: inachukua diski nzima ya mfumo, kwa hiyo SSD ya GB 240 uliyonayo nafasi iliyobaki hutaitumia kirahisi kuwekea muvi, na Jellyfin haiji moja kwa moja, unapitia omv-extras (nyongeza yake) afu Docker (chombo cha kuendeshea programu ndani ya maboksi yake). Kwa hiyo skrini nyeusi umeikimbia mlangoni ukakutana nayo jikoni.

Na kama una TV moja tu na unataka PC ikae chini yake ikichezesha muvi kwa HDMI, huhitaji seva yoyote. Piga LibreELEC, OS ndogo ambayo ndani yake kuna Kodi (programu ya kuchezea muvi), chomeka diski, maliza. Wengi wanaotafuta seva walikuwa wanatafuta hiki.

Debian. Bure, nyepesi, RAM GB 4 inatosha na chenji inabaki, haikulazimishi kuwasha upya, na ukikwama maelezo yamejaa kila kona ya intaneti. Debian 13 ilitoka Agosti 2025. Ubuntu Server 24.04 nayo haina shida, ina masasisho mpaka 2029, kama umeshaizoea kaa nayo usihangaike. Hatua zinazofuata zinafanya kazi kwa zote mbili karibu sawa.

Na programu ya kugawa muvi, Plex au Jellyfin? Jellyfin. Ilizaliwa mwisho wa 2018 baada ya Emby, programu nyingine ya aina hiyo, kuacha kutoa msimbo (code) wao wazi, na kila kitu chake ni bure. Plex inataka ulipie ndo utumie chip ya video kugeuzia muvi, na tangu Aprili 2025 hata kuangalia ukiwa nje ya nyumba ni mpaka mmoja wenu awe analipa.

Hatua ya 4: kupiga Debian bila desktop

Choma ile netinst kwenye flashi kwa Rufus (programu ya bure ya Windows), chomeka waya wa mtandao (Wi-Fi pia inakubali, tangu Debian 12 madereva ya kampuni yanakuja humo humo), butia kwenye flashi. Chomoa diski zote za muvi kabla hujaanza. Narudia, zichomoe kabisa, zikae mezani, hapo hata ukibofya vibaya unafuta SSD tupu.

Sehemu mbili tu za kuwa makini. Inapokuuliza nywila ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), iache wazi, bonyeza Enter mara mbili, hapo mtumiaji utakayemtengeneza baadaye anapewa sudo (ruhusa ya kufanya kazi za root) moja kwa moja. Na mwisho mwisho inaleta orodha ya vitu vya kuweka, ikiwa imeshachagua desktop na GNOME. Ondoa nyota zote mbili kwa kitufe cha spesi, weka nyota kwenye SSH server (ya kuingilia ukiwa kwenye kompyuta nyingine), acha standard system utilities. Ikimaliza inawaka skrini nyeusi inaomba jina na nywila. Ndo hivyo, haijaharibika.

Andika `ip a` uone namba ya mashine, mfano 192.168.1.20, kisha ingia kwenye ruta uifungie namba hiyo isibadilike. Kuanzia hapo monita chomoa rudisha kwa mwenyewe, fanya yote kwa laptop ukitumia ssh, mfano `ssh jinalako@192.168.1.20`.

Hatua ya 5: diski, ile sehemu ambayo wengi inawarudisha Windows

Chomeka diski ile tupu. Andika:

`lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,LABEL,MODEL`

Soma taratibu ujue ipi ni ipi kwa ukubwa na modeli, usikisie. Tuseme ni sdb1. Kufomati:

`sudo mkfs.ext4 -m 0 -L muvi /dev/sdb1`

Ile `-m 0` usiiache. ext4 kwa kawaida inaficha asilimia 5 kwa ajili ya mfumo, kwenye diski ya TB 2 hiyo ni GB 100 zimekaa bure, na diski ya muvi haina mfumo ndani.

Tengeneza folda kwa `sudo mkdir -p /srv/muvi`, chukua UUID ya diski (namba yake ya kipekee) kwa `lsblk -f`, afu fungua orodha ya diski za kufunguliwa wakati wa kuwaka kwa `sudo nano /etc/fstab` uongeze mstari mmoja:

`UUID=weka-yako-hapa /srv/muvi ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 2`

Neno `nofail` hapo ndo mkombozi. Bila hilo, siku diski ikichelewa kuamka au mtoto akaichomoa, Debian inakataa kuwaka kabisa, inaingia hali ya dharura na kuomba nywila ya root, ambayo si tuliiacha wazi, kwa hiyo inakwambia root imefungwa na umekwama na skrini nyeusi. Ukiwa na `nofail` inaendelea kuwaka bila kuisubiri, diski inapewa sekunde 10 za kujitokeza, ikishindwa muvi hazionekani tu mpaka uchomeke diski na uandike `sudo mount -a`.

Andika `sudo systemctl daemon-reload` afu `sudo mount -a`, kisha `lsblk` uone `/srv/muvi` imeandikwa mbele ya diski yako, maana kwa `nofail` hata ukikosea UUID inanyamaza. Diski mpya ni mali ya root kwa hiyo ikabidhi kwako: `sudo chown -R jinalako:jinalako /srv/muvi`. Kisha chomeka ile ya NTFS, ifungue kwa `sudo mount -t ntfs3 -o ro /dev/sdc1 /mnt` (jina lake litazame kwa `lsblk`), unakili kwa `rsync -a --progress /mnt/ /srv/muvi/`. Ikikatika katikati unarudia amri ile ile inaendelea na yaliyobaki. Rsync weka kwanza kama haipo: `sudo apt install rsync`. Diski ya zamani usiifute wiki hiyo.

Hatua ya 6: Jellyfin

Debian tupu haiji na curl, ndo maana ile amri ya kwenye tovuti yao inagoma kwa wengi mwanzoni. Kwa hiyo:

`sudo apt install curl`
`curl https://repo.jellyfin.org/install-debuntu.sh | sudo bash`
`sudo usermod -aG render jellyfin`
`sudo systemctl restart jellyfin`

Ya tatu inaipa Jellyfin ruhusa ya kutumia chip ya video. Fungua brauza kwenye simu, `http://192.168.1.20:8096`, fuata maswali, maktaba ielekeze `/srv/muvi`. Ikionyesha folda ni tupu wakati vitu vipo, hiyo ni ruhusa, `sudo chmod -R a+rX /srv/muvi` itamaliza.

Halafu Dashboard, Playback, Transcoding, chagua Intel QuickSync na uweke tiki kwenye aina ambazo kizazi chako kinaweza tu, sio zote. Ukiweka tiki HEVC ya biti 10 kwenye kizazi cha sita, muvi itagoma na utailaumu Jellyfin.

Lengo lenyewe ni muvi isigeuzwe kabisa. Cheza moja kwenye TV, angalia Dashboard kwenye simu, ikiandika Direct Play seva inatoa faili kama lilivyo na prosesa imelala. Ukiona inageuza wakati TV yako inaijua aina hiyo ya video, kwanza zima maandishi ya chini. Yale yanayokuja kama picha, kama ya kwenye Blu-ray, yanailazimisha seva kuyachora juu ya video fremu kwa fremu. Tafuta ya SRT, TV nyingi inayachora yenyewe.

Kuangalia ukiwa nje ya nyumba, usihangaike kufungua milango kwenye ruta. Ruta nyingi za laini za simu namba yake ya nje mnashea watu kibao kwa hiyo haifunguki hata ufanyeje. Weka Tailscale (programu inayoviunganisha vifaa vyako kana kwamba viko mtandao mmoja) kwenye seva na kwenye simu yako. Ila hapo bando linaliwa, pande zote mbili.

Hatua ya 7: umeme

Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla OS haijawaka), kwenye Dell bonyeza F2 wakati inawaka, HP ni F10. Dell nenda Power Management utafute AC Recovery, weka Power On. HP imeandikwa After Power Loss, weka On. Bila hii hata OS iwe nzuri vipi, umeme ukirudi mashine inakaa tu na kitaa chake kimezima.

Laptop ya zamani yenye betri inayokaa hata nusu saa ni seva bora kuliko desktop bila UPS, maana betri ndo UPS yenyewe, na eksteno ndogo za inchi 2.5 zinakula umeme wa USB kwa hiyo nazo haziguswi. Zile kubwa zenye adapta yake zinazima papo hapo. Kwenye laptop fungua `/etc/systemd/logind.conf`, weka `HandleLidSwitch=ignore`, uifunike uiweke juu ya kabati, sehemu inayopitisha hewa tafadhali.

Kabla hujamwambia mtu yeyote nyumbani kwamba seva iko tayari, ijaribu mchana. Izime kwa `sudo poweroff`, ikishazima chomoa waya wa ukutani, subiri dakika, chomeka bila kugusa kitufe chochote. Ikiwaka na app ya kwenye TV ikaonyesha muvi zote, hongera. Ikiwaka ila maktaba ni tupu, diski haikuamka ndani ya zile sekunde 10, weka 30. Isipowaka kabisa ni BIOS, hukusevu ulipotoka.